Nani Ale Kwenye Sahani Hii?

Mwaka 1750, mashariki mwa London, kulikuwa na kiwanda cha vyombo kilichojiita Kanton Mpya. Wengi wanakijua kwa jina la Bow. Wenye kiwanda walikuwa Waingereza, lakini kuna vidau vya wino vilivyotoka humo ambavyo vimeandikwa kwa fahari kabisa kwamba vimetengenezwa Kanton Mpya, na mwaka ukawekwa. Kanton ya kweli, yaani Guangzhou, ilikuwa bandari ya China ambako meli za Ulaya zilikwenda kununua chai, hariri na vyombo vya kauri. Vyombo hivyo vilikuwa ghali, na Waingereza walivipenda mno. Basi wakaamua kujitengenezea. Wakachoma udongo, wakachora kwa rangi ya buluu milima ambayo hawajawahi kuiona, nyumba zenye paa lililopinda pembeni, madaraja, wavuvi wenye kofia pana. Wakauziana. Hiyo China yao haikuwa mahali popote duniani. Ilikuwa kwenye sahani tu.

Mimi hukusanya sahani za aina hiyo. Naishi Gatina, upande wa Kawangware, kwenye chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, na ukutani nimepigilia rafu tatu za mbao. Nina vyombo 23: sahani, visosa, vikombe vinne visivyo na wenzake, na bakuli la sukari lisilo na kifuniko. Vyote vimetoka Uingereza na vyote vina picha ya China.

Mtu akiingia kwangu mara ya kwanza huuliza moja kati ya maswali matatu. La kwanza: "Hizi unauza?" La pili: "Ni original kweli?" La tatu halisemwi kwa mdomo. Huulizwa na akina mama waliowahi kufanya kazi za nyumbani kule Lavington. Wanaziangalia sahani, halafu wananiangalia mimi, kama mtu aliyekuta picha ya mdosi wake wa zamani imebandikwa nyumbani kwa mtoto wake.

Nataka kuyajibu yote matatu, maana naona ni swali moja limevaa nguo tofauti: je, mtu ana ruhusa ya kupenda kitu kizuri chenye historia mbaya? Na kama mtu huyo hana pesa, ruhusa hiyo inapungua au inaongezeka?

Kwanza nieleze ninachokusanya. Nilivijua vyombo hivi kabla sijavigusa. Nilipotoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilianza kuandika mtandaoni kwa malipo ya kuhesabiwa maneno. Kazi moja ilitoka kwa duka la ng'ambo linalouza vitu vya kale. Walitaka maelezo ya vyombo 60, kila kimoja maneno 80, jina la mwandishi lisionekane. Walinitumia picha. Kwa wiki tatu nilisoma kuhusu viwanda vya Bow, Worcester, Caughley na Spode, nikiwa hapa hapa, jirani akikaanga samaki nje ya mlango. Kazi ilipoisha nililipwa, nikanyamaza, lakini macho yalikuwa yameshafunzwa. Wiki iliyofuata nilikuwa Toi nikitafuta suruali, nikapita kwa mama anayeuza vyombo vya mtumba, na katikati ya sufuria na vijiko nikaiona sahani ya buluu. Shilingi mia. Niliinunua, suruali ikasubiri.

Kuna namna ya kuvitambua. Unakiinua chombo mbele ya balbu: ukiona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, hicho ni kauri. Usipokiona, ni udongo wa kawaida uliopakwa vizuri, na nyingi ya zangu ni za udongo huo. Unakigonga kwa ukucha, usikie kama kinalia au kinakohoa. Unakigeuza. Ukikuta neno "England" peke yake, huenda kilitengenezwa baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai kila chombo kinachoingia kwao kitaje nchi kilikotoka. Ukikuta "Made in England", basi mara nyingi ni cha karne ya 20, na mwenye duka asikudanganye ati ni cha enzi za wafalme. Halafu unaangalia ukingo wa picha. Michoro hii mingi haikuchorwa kwa mkono. Fundi alichonga picha kwenye bamba la shaba, akaichapa kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikasuguliwa juu ya sahani. Pale karatasi mbili zilipokutana, ua linakatika nusu, mstari haupati mwenzake. Mimi hutafuta mahali hapo kwanza. Hapo ndipo unapomwona mfanyakazi, na pengine siku hiyo alikuwa amechoka.

Na kuna jambo lingine linalonichekesha. Kauri ile maarufu ya Kiingereza, nyeupe na nyepesi, karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Bow walianza kuchanganya mifupa, na baadaye kidogo, mwishoni mwa karne ya 18, Josiah Spode wa Staffordshire akaweka kipimo kilichokuja kufuatwa na wengi. Sisi hapa mfupa tunauchemsha supu asubuhi, na Kibera kuna mafundi wanaouchonga vipuli na shanga. Kule ulisagwa, ukachomwa, ukaishia mezani kwa bwana ukiwa na picha ya China mgongoni.

Sasa tuje kwa swali la kwanza, lile la kuuza. Anayeuliza hivyo anamaanisha: mtu wa Gatina anaweka vyombo ukutani vya nini, kama si biashara? Shilingi mia ni chakula cha jioni. Ni maji mitungi kadhaa. Na mimi ni mtu ambaye kodi hulipwa tarehe kumi na mbili badala ya tarehe tano. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu wanaoisema wanajua bei ya kila kitu, na wamelazimika kuijua.

Lakini tembea nyumba za mtaa huu uone. Nenda kwa mama yeyote mwenye sebule ya nusu chumba, pazia limegawa kitanda na kochi. Kochi limevikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono. Kuna kabati la kioo, na ndani yake glasi sita ambazo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kunywea. Kuna vyama vya akina mama ambavyo kazi yake ni vyombo tu: mwezi huu tunamnunulia huyu sahani, mwezi ujao yule thamosi. Hakuna anayewaambia wavunje kabati wanunue unga. Watu wa hapa walishaamua zamani kwamba binadamu hali chakula peke yake, ila uamuzi huo hauandikwi popote. Tajiri akiweka vyombo visivyotumika, vinaitwa mkusanyiko, na gazeti huja kupiga picha. Akiviweka maskini, anaulizwa kwa nini hajaviuza. Nadhani sehemu ya umaskini ni hiyo: kila mtu anajiona ana haki ya kukagua matamanio yako.

Hata hivyo, sisemi kwamba urembo uko juu ya njaa. Mwaka juzi mtoto wa jirani alilazwa, ploti nzima ikachanga. Niliuza sahani mbili kwa mtu wa duka la vitu vya zamani mjini, nikatoa. Sikuwa shujaa, kila mtu alitoa alichokuwa nacho, na mwingine aliuza jiko. Ninachosema ni kwamba kitu kinaweza kuuzwa siku ya shida bila kuwa kilinunuliwa kwa ajili ya kuuzwa. Jiko lile halikuwa biashara, na sahani zangu nazo hazikuwa.

Swali la pili ni gumu zaidi: "Ni original?" Sahani ya Kiingereza yenye picha ya China, ya Mchina haikuwa, ya Mwingereza ni kama ameiba. Iko Nairobi. Original ya wapi?

Mchoro unaojulikana zaidi ni ule wa mti wenye matawi yanayoning'inia juu ya daraja. Karibu kila sahani ya buluu unayoikuta Toi au Gikomba ni huo. Kuna nyumba kubwa, ua wa mbao, watu watatu darajani, mashua, na ndege wawili juu. Ulitengenezwa Uingereza karibu mwaka 1790, kwa kuunganisha vipande vya michoro ya Kichina. Baadaye wauzaji wakaupa hadithi: binti wa mkubwa mmoja alimpenda karani wa baba yake, wakatoroka, baba akawafukuza darajani, mwishowe wapenzi wakageuka ndege. Watu wakaamini ni ngano ya kale ya Kichina. Kumbe ilitungwa Uingereza, sahani zikiwa zimeshauzwa miaka mingi. Halafu likaja jambo la ajabu: viwanda vya China vyenyewe vikaanza kutengeneza mchoro huo, kwa sababu Wazungu waliutaka. China ikaiga Uingereza inayoiga China.

Hata buluu yenyewe ina safari. China ilipoanza kutengeneza kwa wingi vyombo vyeupe vya buluu katika karne ya 14, kobalti bora waliyoitumia ilitoka Uajemi. Soko kubwa lilikuwa nchi za Waislamu, na vyombo vilisafiri kwa bahari ile ile iliyofika kwetu. Ukienda Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alichimba kuanzia 1948, utaona vipande vya kauri ya Kichina vilivyotoka ardhini. Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 yalipambwa hivyo hivyo kwa sahani. Mengi ya makaburi ya pwani yameng'olewa vyombo vyake, yamebaki mashimo ya duara kama macho yaliyotobolewa. Na Lamu, nyumba za mawe zina zidaka, yaani vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, ambamo vyombo vilikaa vikitazamwa. Vyombo vya Ulaya vilipoanza kuingia kwa wingi karne ya 19, navyo vikapata nafasi kwenye kuta za pwani. Hakuna aliyemwuliza Mswahili kama ni original. Aliipachika sahani kwenye nyumba yake na kwenye kaburi la baba yake, ikawa yake.

Tena lugha yetu ilishamaliza ubishi. Kauri ni lile gamba dogo la baharini linalong'aa, ambalo zamani lilikuwa pesa, na kauri ni chombo cheupe cha Kichina. Waingereza nao wanasema "porcelain", neno lililotoka kwa Kitaliano "porcellana", ambalo nalo ni jina la gamba lile lile. Watu wa bahari mbili tofauti walishika kitu kimoja mkononi, wakakumbuka gamba moja.

Watoto wa ploti yetu wamekwenda mbele zaidi. Niliwauliza siku moja wanaona nini kwenye sahani. Mmoja, wa darasa la tatu, alieleza bila kusita: wale watatu darajani, wawili ni kanjo, na yule wa mbele ni hawker. Wamemkimbiza kutoka stage. Akifika kwa mashua amepona. "Na ndege?" nikauliza. "Hao ni ndege tu." Hadithi ya muuzaji wa Kiingereza ilitungwa ili sahani inunuliwe. Ya mtoto huyu haikumlipa chochote, na mimi naona ina haki sawa ya kukaa kwenye sahani ile, pengine zaidi, kwa kuwa yeye amewahi kuwaona watu wakikimbizwa.

Kwa hiyo, kuhusu original, jibu langu ni kwamba asili ya kitu haitoshi kusema ni cha nani. Siku hizi asili inatumiwa sana kwa hoja. Vipande vya kauri na hadithi za safari za Zheng He za karne ya 15 vinatajwa kwenye hotuba za urafiki wa China na Afrika, huku barabara ya juu iliyojengwa na Wachina ikishukia James Gichuru, si mbali na hapa. Sahani moja iliyovunjika miaka 600 iliyopita inatolewa ushahidi kwamba deni la leo ni undugu wa jana. Mimi nikisikia mtu anataja asili ya sahani, huuliza kwanza anataka kuuza nini.

Lakini kuiga kuna upande wake mchafu, na hapo ndipo swali la tatu linapoanzia. Waingereza waliendelea kula kwenye ile China tulivu ya madaraja na ndege katika miaka ile ile, 1839 hadi 1842, ambapo meli zao za kivita ziliipiga China ya kweli kwa sababu ya biashara ya afyuni. Ukiwa na nchi ya watu kwenye sahani, ni rahisi kusahau kwamba watu hao wapo. Na waliotengeneza sahani zenyewe huko Staffordshire hawakuzila. Watoto wadogo walifanya kazi viwandani humo, na wachovyaji wa vyombo waliumwa na kufa kwa sumu ya madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya ule ung'aavu tunaousifu.

Chukua bakuli la sukari. Miaka ya 1820, Waingereza waliopinga utumwa waliuziwa mabakuli yaliyoandikwa kwamba sukari iliyomo ni ya India, haikutengenezwa na watumwa. Lilikuwa jambo jema. Watu walikataa sukari ya visiwa vya Karibi na biashara ikatikisika. Lakini utumwa ulikuwepo India vilevile, na sheria ya kuukataa huko haikuja hadi 1843. Bakuli lilisafisha dhamiri kuliko lilivyosafisha sukari. Langu halina maandishi, lina pagoda tu, na siwezi kujua lilibeba sukari ya nani.

Na tusijipake mafuta sisi wa upande huu wa bahari. Zidaka za Lamu ni nzuri, lakini nyumba zile zilikuwa na waungwana na zilikuwa na watumwa, na si waungwana waliopangusa vumbi. Kwenye pwani ya Kenya utumwa haukukomeshwa kisheria hadi 1907. Ninapoisifu kuta ya sahani za buluu, lazima niikumbuke mikono iliyozishusha moja moja, ikaziosha, ikazirudisha, na jioni ikala kwingine.

Mikono hiyo naijua. Mama yangu alifanya kazi Lavington miaka kumi na moja. Kutoka Gatina hadi huko ni mwendo wa miguu, na kila alfajiri barabara hujaa wanawake waliofunga leso wakienda kufua na kupika katika nyumba za watu. Nyumba aliyofanya yeye ilikuwa na seti nzima ya sahani za buluu kwenye kabati, zile zile za daraja na ndege. Ziliwekwa mezani wageni wakija. Aliziosha kwa mkono, maji ya vuguvugu, kitambaa laini, kwa sababu aliagizwa hivyo. Yeye alikuwa na sahani yake ya bati na kikombe chake cha plastiki, na mahali pake palikuwa chini ya sinki, visichanganyike na vya wenyewe. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa akipewa nguo za zamani na zawadi Krismasi. Ni sahani tu iliyokuwa tofauti.

Alipokuja kwangu na kuona rafu kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimepika, na nilitaka kumpakulia kwenye sahani nzuri kuliko zote. Nilifikiri ingekuwa heshima.

"Hizi nazijua," alisema.

"Ni nzuri, eh Mama?"

"Niliziosha miaka kumi na moja." Kisha akanyosha kidole kwenye ndoo ya vyombo. "Nipe hiyo ya bati."

Nilimpa. Alikula, akaniuliza habari za kazi, akaenda. Hajawahi kulizungumzia tena, na kila akija anachagua bati.

Nimefikiria sana kile kidole chake. Ningeweza kumweleza mambo yote niliyoandika hapo juu. Kwamba mchoro huo si wa mdosi wake, kwamba kabla ya mdosi kulikuwa na Staffordshire, na kabla ya hapo Jingdezhen, na kabla ya hapo kobalti ya Uajemi. Kwamba sahani ikishushwa kutoka kabati la Lavington hadi rafu ya Gatina, imeshindwa, na sisi tumeshinda. Hoja hiyo ni tamu, nami huitumia kwa vijana wenzangu. Kwa mama haifai kitu. Yeye haumii kwa kukosa historia. Anajua sehemu ya historia ambayo mimi nimeisoma tu kwa watu wengine, na kwa sehemu hiyo ameamua.

Kutokana na uamuzi wake nimefikia mambo mawili. La kwanza ni kwamba uzuri haufuti dhuluma iliyofanywa kando yake, na dhuluma nayo haiufuti uzuri. Buluu ile bado ni nzuri. Ukisema ni mbaya kwa sababu ya nani aliikalia mezani, unamwachia mdosi hata rangi. Lakini ukisema ni nzuri ukaishia hapo, umekula na wao. Anayekusanya anapaswa kubeba vyote viwili, na kuvieleza vyote viwili kwa anayeuliza. La pili ni kwamba haki yangu ya kupenda haimlazimishi mwingine apende. Mama kukataa si ushamba, na wala si jeraha ninalopaswa kulitibu kwa mhadhara. Amekataa, na katika nyumba ambayo sahani zake ziliwekwa chini ya sinki hakuwa na nafasi ya kukataa wala ya kuchagua. Kwangu anayo.

Nikilifuata wazo hilo naona kwamba ubaya wa zile sahani haukuwa kwenye mchoro. Ulikuwa kwenye kanuni: hii ya huyu, ile ya yule, visichanganyike. Kanuni hiyo ingefanya kazi hata kwa sahani za plastiki za kijani. Kwa hiyo nimeweka kanuni yangu kinyume chake. Anayekula kwangu anachukua sahani mwenyewe, rafuni au kwenye ndoo. Mtoto wa kanjo na hawker hula githeri kwenye sahani ya Staffordshire, na imeshapata ufa. Mama hula kwenye bati.

Ila kuna kikombe kimoja. Ni chembamba hivi kwamba ukikiinua mchana unaona mwanga ukipita, kimechorwa kwa mkono, hakina alama chini, na nina sababu za kuamini ni cha kabla ya 1800. Nilikipata kwa shilingi hamsini. Hicho sikitoi. Nimejitetea kwamba ung'aavu wa zamani una madini ya risasi, na ni kweli, lakini ukweli mkubwa zaidi ni kwamba nakiogopea. Watoto wakiingia namwangalia nani anakisogelea. Na hapo ndipo ninapoelewa jinsi mambo yanavyoanza. Ukimiliki kitu cha kutosha kukiogopea, unaanza kuwapanga watu kwa umbali wao nacho. Huhitaji kuwa na roho mbaya. Unahitaji kikombe tu. Yule wa Lavington huenda alianza hivyo hivyo: alikuwa na seti aliyoipenda, akataka isivunjike.

Sijakivunja na sitakivunja, hiyo ingekuwa sinema. Nimejiwekea mpaka: kitu ambacho mgeni haruhusiwi kukishika kisizidi kimoja ndani ya nyumba hii. Nikipata kingine cha namna hiyo, mmoja wao ataondoka, auzwe au apewe mtu. Ni mpaka mdogo na hautabadilisha Lavington. Lakini watu wa mtaa huu tunasogea polepole kuelekea kwenye kabati la kioo, kila mmoja kwa kiasi chake, na nadhani ni vizuri mtu ajiulize mapema, kabla seti haijatimia, chini ya sinki yake ataweka sahani ya nani.